Kifurushi cha Mtu Mmoja

Kikapu cha milulu kinachosukwa Iringa, chenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30, hakifiki kilo moja. Mtoto hukibeba bila kuhisi uzito. Lakini kikipelekwa kwenye kampuni ya vifurushi vya haraka ili kiende Ulaya au Marekani, mizani siyo inayotoa bei. Karani hupima boksi urefu, upana na kimo, huzidisha, kisha hugawa kwa 5,000. Arobaini mara 40 mara 30 ni 48,000, na 48,000 ukigawa kwa 5,000 unapata 9.6. Kwa hiyo kikapu cha chini ya kilo moja kinalipiwa kama mzigo wa kilo kumi, na mara nyingi nauli hiyo peke yake inazidi bei ya kikapu. Wala hakuna wizi hapo. Ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, na DHL, FedEx na UPS zote hutumia hesabu hiyohiyo kwa safari za kimataifa. Lakini tazama kinachotokea ukichukua vikapu vitatu vya ukubwa tofauti na kuvipachika kimoja ndani ya kingine, kama wasukaji wenyewe wanavyovipanga sokoni. Boksi ni lilelile, nauli ni ileile, na kila kikapu sasa kinabeba theluthi tu ya gharama.

Hesabu hiyo ya boksi moja inajirudia katika kila hatua ya safari: kwenye forodha, kwenye kodi, kwenye bima, kwenye marejesho ya bidhaa na kwenye malipo. Gharama za kumfikia mnunuzi wa ng'ambo hazipungui kadiri mzigo unavyopungua. Sehemu kubwa hulipwa kwa kila hati au kwa kila boksi, na ni sehemu ndogo tu inayofuata wingi wa bidhaa. Kwa hiyo ile njia ambayo vijana wetu wanafundishwa kila siku, kwamba fundi mmoja apige picha nzuri, aweke mtandaoni, auze kitu kimoja kwa mtu mmoja aliye Chicago na akipeleke mwenyewe posta, ndiyo njia ghali kuliko zote za kuuza nje. Tangu mwaka 2021 sheria za nchi zinazonunua zimeifanya iwe ghali zaidi. Ninachodai katika uchambuzi huu ni kwamba tatizo halitatuliwi kwa kumfunza fundi kufunga vizuri au kuandika maelezo ya kuvutia. Linatatuliwa kwa kuacha kumtuma peke yake.

Wengi wakiulizwa kwa nini biashara hii ni ngumu hutaja umbali kwanza. Umbali hauelezi jambo. Shenzhen haiko karibu na New York kuliko Nairobi ilivyo, na bado kwa miaka mingi kifuniko cha simu cha dola mbili kilitoka kusini mwa China kikamfikia Mmarekani mlangoni bila yeye kulipa nauli yoyote. Wengine hulaumu posta zetu, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini ili kuona ukweli huo unaishia wapi, lazima tuangalie mfumo ambao posta hizo zinafanya kazi ndani yake.

Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa Bern mwaka 1874 kwa ajili ya barua. Kanuni yake ya awali ilikuwa ya kuaminiana: kila nchi ilibaki na pesa za stempu ilizouza, na ikafikisha bure barua zilizotoka nje, kwa imani kwamba kila barua hujibiwa na hesabu zitasawazika. Mwaka 1969, katika mkutano wa Tokyo, ndipo ilipowekwa ada ambayo posta ya mtumaji huilipa posta ya mpokeaji. Baadaye nchi zinazoendelea zilipewa viwango vya chini. Vifurushi vidogo visivyozidi kilo 2 vilihesabiwa kama barua, navyo vikanufaika na viwango hivyo. China ilikuwa katika kundi hilo la nafuu, na mwaka 2011 iliongeza makubaliano maalumu na posta ya Marekani ya kusafirisha vifurushi vidogo vyenye ufuatiliaji. Matokeo yakawa kwamba kutuma kitu kutoka China kwenda Marekani kulikuwa rahisi kuliko kukituma kutoka jimbo moja la Marekani hadi jingine. Wamarekani walichukia, wakatangaza Oktoba 2018 kwamba watajitoa katika Umoja huo, na mkutano wa dharura wa Geneva wa Septemba 2019 ukawaruhusu kujipangia viwango vyao kuanzia Julai 2020.

Hapa kuna jambo ambalo husahaulika. Nafuu ile haikuwa ya China peke yake. Posta za Afrika Mashariki zilikuwa nayo, tena katika kundi la nchi zilizolipa kidogo zaidi. Kwa miaka mingi mlango ulikuwa wazi na sisi tukapita kwa nadra. Sababu ni kwamba ada ya chini mwishoni mwa safari haina faida kama huna mzigo wa kujaza magunia ya posta kila siku, mashine za kusoma namba, na ghala ambako wauzaji elfu moja wanaleta vifurushi vyao mahali pamoja. China ilikuwa na vyote hivyo. Kifuniko cha simu hakikusafiri peke yake hata siku moja: kilitoka ghalani pamoja na maelfu ya wenzake, kikapanda ndege iliyokodiwa nzima. Mnunuzi aliona kifurushi kimoja, lakini aliyekituma alikuwa anasafirisha shehena. Anayesema "mbona China wanaweza" anasema kweli, na jibu ni kwamba waliweza kwa kukusanya.

Kisha mlango wenyewe ukafungwa, kwa ugomvi ambao haukutuhusu. Tangu 2016 Marekani iliruhusu bidhaa yenye thamani isiyozidi dola 800 iingie bila ushuru na karibu bila maswali. Mwaka 2015, kabla ya kiwango kupandishwa kutoka dola 200, vifurushi vilivyoingia kwa msamaha huo vilikuwa milioni 134. Kufikia 2024 vilikuwa zaidi ya bilioni 1.3. Ulaya nayo ilipokea vifurushi vya thamani ndogo bilioni 4.6 mwaka huo wa 2024, na katika kila 100, 91 vilitoka China. Ndani ya mafuriko hayo kulikuwa na dawa za kulevya za fentanyl, bidhaa bandia, na nguo za bei ambayo hakuna kiwanda cha ndani kingeweza kushindana nayo. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2018 sheria iliyotaka taarifa za kielektroniki za kila kifurushi zifike kabla ya kifurushi chenyewe. Ulaya ilifuta 1 Julai 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa bidhaa zisizozidi euro 22. Uingereza ilikuwa imeshafuta wa pauni 15 tangu Januari ya mwaka huo. Na tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ikafuta msamaha wa dola 800 kwa nchi zote, ikataka ushuru ulipwe kabla kifurushi hakijamfikia mpokeaji, na mlipaji awe taasisi iliyoidhinishwa na forodha yake. Posta nyingi duniani hazikuwa na njia ya kukusanya ushuru huo wala kuuwasilisha. Umoja wa Posta Duniani ulieleza kwamba posta 88 zilisimamisha huduma kwenda Marekani, zote au sehemu, na kwamba vifurushi vya posta kwenda nchi hiyo vilishuka kwa asilimia 81 siku ile ukilinganisha na wiki moja kabla.

Waliofunga mlango hawakuwa wakifikiria vikapu vya Iringa wala shanga za Wamasai. Lakini sheria ya forodha haina jicho la kumtambua mdogo. Inaona kifurushi, na kila kifurushi sasa ni uingizaji kamili wa bidhaa, wenye mwingizaji, msimbo wa ushuru, thamani na mlipa kodi. Kwa kampuni kubwa hilo ni suala la programu ya kompyuta. Kwa fundi ni mlima.

Uingereza inaonyesha jambo hili vizuri kuliko kwingine kokote. Tuseme kikapu kimeuzwa pauni 30 kwa mnunuzi wa Leeds. VAT ni asilimia 20, yaani pauni 6. Kwa bidhaa zisizozidi pauni 135, sheria inataka kodi hiyo ikusanywe wakati wa kuuza, na muuzaji wa nje ajisajili kwa mamlaka ya kodi ya Uingereza awe akiwasilisha hesabu. Msukaji wa Iringa hatafanya hivyo, na haifai kumtegemea afanye. Kifurushi kinafika bila kodi kulipwa. Posta inakizuia, inamwachia mnunuzi kadi mlangoni, na inamdai zile pauni 6 pamoja na ada yake ya kushughulikia, ambayo kwa Royal Mail imekuwa pauni 8 kwa miaka mingi. Ada ya kukusanya kodi imeizidi kodi yenyewe. Mnunuzi aliyeona bei ya pauni 30 na nauli, akalipa akidhani amemaliza, anaambiwa aongeze 14. Wako wanaolipa wakinung'unika, na wako wanaokataa. Anayekataa anadai arudishiwe pesa zake, kikapu kinaanza safari ya kurudi au kinatupwa, na aliyepoteza ni mtu ambaye hakuwepo wakati uamuzi ukifanywa. Sasa chukua mzigo wa vikapu 300 kwenda kwa mpokeaji mmoja. VAT kwa kila kikapu haipungui kiwango, lakini ada ya wakala wa forodha hulipwa kwa hati moja. Hata wakala akitoza pauni 100, ni theluthi ya pauni kwa kikapu.

Watetezi wa biashara ya mtandaoni watasema kwamba masoko makubwa ya mtandaoni hukusanya kodi hiyo yenyewe, na ni kweli, sheria za Uingereza na Ulaya zinayalazimisha. Muuzaji aliye ndani ya soko la namna hiyo anapata msaada mkubwa. Tatizo ni kuingia ndani. Masoko hayo yana orodha ya nchi ambako muuzaji wake anaweza kupokea malipo, na nchi zetu nyingi hazimo. Mkenya ana nafuu, kwani tangu 2018 anaweza kutoa pesa za PayPal kupitia M-Pesa. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa muda mrefu imeweza kulipa lakini si kupokea. Hata aliyefanikiwa kupokea anakuta kwamba mnunuzi ana siku 180 za kulalamika kuwa mzigo haujafika, na kwamba ushahidi unaokubalika ni namba ya ufuatiliaji inayoonyesha mzigo umefikishwa. Kifurushi cha kawaida cha posta hakina namba hiyo. Kilichosajiliwa kinayo, ile yenye herufi mbili, tarakimu tisa na TZ au KE mwishoni, lakini mara nyingi husomwa kinapoondoka Dar es Salaam au Nairobi, kisha kimya kwa wiki kadhaa. Muuzaji hawezi kumthibitishia mtu yeyote lolote. Na kikipotea, fidia ya kawaida ya kifurushi kilichosajiliwa kwa kanuni za posta ni SDR 30, kizio cha Shirika la Fedha la Kimataifa, sawa na takriban dola 40. Kwa kikapu inatosha. Kwa kinyago kilichochongwa miezi miwili ni kama hakuna.

Lazima niseme pia kwamba yapo maeneo ambako kifurushi kidogo kimependelewa, na hoja yangu haina budi kuyakubali. La kwanza ni uchoraji. Picha za mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 zilichorwa mwanzoni kwenye vibao vya mraba, lakini nyingi leo huchorwa kwenye turubai na zinaweza kukunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Bomba halina hewa nyingi ya kulipia. Isitoshe, mchoro halisi wa mkono una kundi lake katika misimbo ya forodha, namba 9701, na kazi za sanaa ziliachwa nje ya ushuru wa nyongeza ambao Marekani iliutangaza mwaka 2025 kwa kutumia sheria ya dharura za kiuchumi, kwa sababu sheria hiyo yenyewe haigusi vitabu, picha na kazi za sanaa. Faida hiyo inategemea mstari mmoja wa fomu ya posta ya tamko la forodha, CN22 au CN23. Anayeandika "mapambo ya ukutani" amejihukumu kulipa. Anayeandika kwamba ni mchoro halisi uliochorwa kwa mkono kwenye turubai, akataja msimbo na thamani ya kweli, amesimama kwenye haki yake.

La pili ni mpingo. Tangu 2 Januari 2017 mpingo umo, pamoja na karibu jamii yake yote, katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, na wachongaji wa vinyago vya Kimakonde walijikuta wakihitaji kibali ambacho wengi hawakuwahi kukisikia. Mabadiliko ya mwaka 2019 yaliziondoa bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hizo kwa kila mzigo. Hapa aliye mdogo amepata nafuu kuliko mkubwa, na ni haki, kwa sababu kinyago kimoja hakimalizi msitu. Lakini nafuu hiyo nayo ina sharti la kujua: jina la mti liandikwe, uzito uandikwe, na kasha la mbao, kama lipo na unene wake unazidi milimita 6, liwe limetibiwa na kupigwa muhuri wa kimataifa, la sivyo mzigo unaweza kuzuiwa kwa ajili ya kasha wakati kinyago chenyewe hakina kosa. Kwa bidhaa za majani makavu, mbegu na magome, nchi kama Australia na New Zealand zina ukaguzi mkali kuliko wote, na muuzaji asiyeuliza mapema hupoteza mzigo mzima.

Ukiyaweka haya pamoja utaona kwamba sehemu kubwa ya ugumu ni maarifa yanayohitajika mara moja na kutumika mara nyingi. Kujua kwamba ususi wa majani uko katika namba 4602 kunachukua juhudi ileile kwa kikapu kimoja na kwa elfu moja. Hilo peke yake lingetosha kuonyesha kwamba kazi hii si ya mtu mmoja mmoja. Lakini kuna sababu kubwa zaidi, nayo ndiyo inayonisukuma kuliko zote, kwa sababu inahusu haki tuliyo nayo tayari.

Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unaziruhusu nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo kuingiza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru wa forodha. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Kenya haimo katika kundi hilo, lakini mkataba wake wa kiuchumi na Ulaya ulioanza kutumika 1 Julai 2024 unaipa nafasi kama hiyo. Kikapu cha milulu kwa sheria kinadaiwa ushuru sifuri kikiingia Hamburg. VAT ipo, ushuru haupo. Lakini kudai sifuri hiyo kunahitaji tamko kamili la forodha lenye uthibitisho kwamba bidhaa ina asili ya Tanzania, na hakuna mtu atakayeandaa tamko kamili kwa ajili ya kikapu cha euro 30. Haki ipo kwenye karatasi, na kifurushi cha mtu mmoja hakiwezi kuifikia. Sasa angalia kanuni yenyewe ilivyoandikwa: kwa mzigo usiozidi euro 6,000, msafirishaji yeyote, hata asiyesajiliwa popote, anaweza kuandika tamko la uasili kwenye ankara yake na likakubalika. Ukivikadiria vikapu kwa euro 15 kimoja kwa bei ya jumla, euro 6,000 ni vikapu 400. Hicho ni kipimo ambacho kikundi cha wanawake wa kijiji kimoja au viwili kinaweza kukifikia kwa msimu. Na mzigo wa namna hiyo hauhitaji ndege. Kwa meli hulipiwa kwa mita za ujazo ndani ya kontena la kuchangia, na mita moja ya ujazo inabeba maboksi 20 ya vipimo vile vya mwanzo, yaani vikapu 60 vilivyopachikwa vitatu vitatu, na zaidi vikipachikwa kwa ustadi.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kali, na lina uchungu ndani yake. Intaneti ilikuja na ahadi ya kumwondoa mtu wa kati, yule aliyenunua kinyago kwa bei ya chai na kukiuza kwa bei ya ng'ombe. Mimi sasa namrudisha? Ndiyo, kazi yake narudisha, kwa sababu haikuwahi kuondoka. Intaneti iliondoa sehemu moja tu ya kazi ya mtu wa kati, ile ya kumjua mnunuzi. Kufunga, kukusanya, kuandika hati, kulipa kodi, kuhifadhi mzigo karibu na mnunuzi na kupokea kilichokataliwa, kazi hizo zote zilibaki, zikaangushwa kichwani kwa fundi bila malipo. Swali la maana ni nani anamiliki hatua hiyo. Wachongaji wa Kikamba wa Mombasa walilijibu katika miaka ya 1960 kwa kuunda ushirika ambao ulipokea kazi za mamia ya wachongaji na kuziuza nje kwa pamoja. Wachoraji wa Tingatinga nao waliunda ushirika wao. Vyama hivi vimekuwa na matatizo ya uongozi na ya mapato, kama vyama vingi vya ushirika katika nchi zetu, na sitaki kuvipamba. Lakini muundo wao ulielewa jambo ambalo mafunzo mengi ya leo ya biashara ya kidijitali hayaligusi, kwamba kusafirisha ni kazi ya pamoja hata pale ambapo kutengeneza ni kazi ya mtu mmoja.

Pingamizi la pili ni la mtaji, na hili ni zito kuliko la kwanza. Anayeuza kimoja kimoja hulipwa kabla ya kutuma. Anayepeleka vikapu 400 Hamburg amefungia jasho la kijiji kizima ndani ya ghala la ugenini, hajui vitauzwa lini, wala kama vitauzwa. Hapa ndipo Waswahili walio ughaibuni wana nafasi ya kweli, kubwa kuliko ile ya kubeba mizigo ya ndugu. Mtu mwenye makazi halali Hamburg, Leeds au Minneapolis anaweza kuwa mwingizaji kisheria, akapokea mzigo, akalipa ushuru na kodi zinazodaiwa mara moja, akaweka bidhaa mtandaoni kwa anwani ya humohumo ndani na kuzituma kwa posta ya ndani inayofika kwa siku chache. Makubaliano kati yake na kikundi yanaweza kuwa ya mali kauli, mfumo ambao wafanyabiashara wetu wanaujua tangu zamani: chukua, uza, kisha lipa. Hatari ya kudhulumiana ipo. Inapungua kwa mkataba ulioandikwa, kwa mzigo wa kwanza kuwa mdogo, na kwa kikundi kuona mauzo kwenye akaunti kila siku badala ya kusubiri taarifa ya simu. Haiondoki kabisa. Lakini ilinganishe na hatari ya sasa, ambapo fundi anabeba peke yake upotevu wa kila kifurushi, na hana hata mtu wa kumdai.

Wako wanaosema tuna njia tayari, kwamba kila wiki kuna abiria wanaokwenda London na Toronto wakiwa na nafasi kwenye mabegi yao ya kilo 23. Njia hiyo inafanya kazi, na familia nyingi zimesomesha watoto kwayo. Haiwezi kuwa msingi wa biashara. Bidhaa za kuuza si mizigo binafsi, na abiria anayepita bila kuzitaja forodhani anajiweka katika hatari ya faini na ya kunyang'anywa, tena kwa bidhaa ambazo kwa upande wa Ulaya zingeingia bila ushuru zikitangazwa ipasavyo.

Kuhusu posta za umma, maoni yangu ni kwamba zimeachwa zifanye kazi ya karne iliyopita kwa lawama za karne hii. Brazil ilianzisha mpango wa Exporta Fácil tangu mwanzo wa miaka ya 2000: muuzaji mdogo anajaza fomu moja kwenye dirisha la posta, na posta inakuwa wakala wake wa forodha kwa upande wa kutoka. Peru iliiga mwaka 2007, na mafundi wa miji midogo ya milimani wakapata mahali pa kuanzia. Hakuna kinachozuia ofisi za posta za Iringa, Machakos au Bukavu kufanya vivyo hivyo kwa bidhaa chache zinazojulikana: orodha fupi ya misimbo sahihi kwa Kiswahili, bei ya nauli iliyobandikwa ukutani, malipo ya ushuru na VAT ya nchi ya mpokeaji yakikusanywa palepale kabla ya kifurushi kuondoka, na siku moja kwa wiki ya kupokea mizigo ya vikundi. Makao makuu ya Umoja wa Posta wa Afrika yako Arusha. Mazungumzo na kampuni zilizoidhinishwa kuwasilisha ushuru Marekani ni mepesi kwa posta za nchi nyingi zikizungumza kwa sauti moja kuliko kwa kila moja peke yake.

Muda si mwingi. Mawaziri wa Umoja wa Ulaya walikubaliana Desemba 2025 kwamba kuanzia 1 Julai 2026 vifurushi vya chini ya euro 150 vitozwe euro 3 kwa kila aina ya bidhaa iliyomo ndani. Vikapu vitatu vya msimbo mmoja ni aina moja, kwa hiyo vitalipa euro 3 vyote pamoja. Kikapu kimoja pekee kitalipa euro 3 vilevile. Shehena ya vikapu 400 yenye tamko la uasili kwenye ankara yake haihusiki na ada hiyo, na ushuru wake utabaki sifuri kama ulivyokuwa tangu 2001.